Mpishi Aliyemsimamisha Bibi

Enzi za Mdachi, vijana wenzangu walipokwenda kuchimba njia ya reli, mimi nilisema nabaki kumwangalia bibi. Nilikuwa nimesoma shule ya serikali, na sululu ilinitisha kuliko simba.

Bibi alikuwa amepanda juu ya paa bapa la tembe letu kuanika uwele, akaanguka, akavunjika nyonga. Mganga wa mifupa alimfunga, akamlaza, miezi ikapita. Siku moja akaja, akaminya paja la bibi, akaguna.

"Mfupa umeunga. Lakini nyama iko wapi? Asipokula akashiba, hatasimama tena."

Hapo ndipo penye kazi. Bibi alikubali uji mwepesi tu. Maziwa na kunde alivisukuma kwa wajukuu wadogo. "Jembe langu limelala," alisema. "Asiyelima ale nini?" Mama alimbembeleza hata akachoka, akarudi zake kwenye palizi.

Basi nikaingia jikoni mwenyewe. Kwetu, mwanamume kushika mwiko ni kichekesho cha kijiji kizima. Nikasonga ugali wa uwele, nikapika mlenda wa karanga na samli, nikampelekea.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo bibi anavyomtania mjukuu wa kiume, "huu ni ugali au udongo wa kukandikia ukuta?"

"Onja kwanza, mke wangu, ndipo utukane."

Akaonja, apate la kutukana. Akaonja tena, maana matusi yalikuwa mengi. "Chumvi hakuna. Mlenda hauvutiki. Huko kwa Mdachi ulisomea nini?" Hata akamaliza kunisema, bakuli tupu.

Kesho yake akauliza, "Leo unaniharibia nini?"

Nikamharibia kunde. Nikamharibia supu ya mifupa ya mbuzi. Wala sikujitahidi, kipaji ninacho. Majirani wakaja kuonja aibu yangu, bibi akala nao huku akicheka. Maziwa akayanywa, ati kuondoa ladha yangu mdomoni. Mapaja yakaanza kujaa. Akaweza kukaa, kisha kusimama kwa kushika nguzo.

Asubuhi moja nikipambana na mabonge ya ugali, nikasikia fimbo ikigonga sakafu. Nikageuka. Bibi huyo, akiburuta mguu mmoja, mkono umenyooshwa.

"Toka jikoni kwangu. Lete mwiko."

Nikampa. Machozi yakanitoka, nikasingizia moshi. Akasonga ugali, akauonja, akatabasamu. Kisha akanitazama juu mpaka chini.

"Haya, mume wangu. Sasa umebaki nyumbani kumwangalia nani?"