Hamsini na Mbili kwenye Spika za Kwaya

Mzee niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake Roseville, huku ng'ambo nilikokimbilia, alikuwa Mjerumani, mkorofi kama mimi, ndiyo maana tulielewana. Ukutani kwake kulikuwa na picha moja tu: kichwa cha treni ya mvuke, cheusi, kirefu, kimeota kutu. Mwanzoni nilimcheka. Watu hutundika wajukuu, wewe umetundika chuma!

Hakukasirika. Alinieleza kwamba hiyo ni aina ya Hamsini na Mbili, iliyoundwa kwa maelfu wakati wa vita. Waliziunda kwa haraka, wakaondoa kila kilichoweza kuondolewa, kwa kuwa hakuna aliyetaka zidumu. Zilitakiwa zivute miaka michache, basi. Vita vikaisha, zikatawanyika nchi za watu, nyingi zikaishia kuwa vyuma chakavu. Lakini hiyo ya pichani, wazee fulani huko Ujerumani waliiokota, na kila Jumamosi, bila malipo, walikuwa wakiisugua na kuitengeneza. Nilisimama na bakuli lake la supu mkononi mpaka ikapoa. Sisi tuliokimbia Kongo tuliacha vitu vizima barabarani. Sikuwahi kusikia watu wanaorudi kuokoa kitu kilichoundwa ili kitupwe, na nilistaajabu kwelikweli.

Siku nyingine akanimalizia hadithi. Naye alikimbia vita, mtoto mdogo, ndani ya behewa la wazi, amelala juu ya tumbo la mama yake, wakivutwa na Hamsini na Mbili. Mama akafariki majira yale yale ya baridi. Sura yake haikumbuki, sauti yake haikumbuki. Alichobaki nacho ni mngurumo ule, ukipita kwenye mbao, ukipita kwa mama, ukimfikia yeye.

Basi treni ikapona. Wale wazee wakawasha moto, ikatembea, wakamtumia video. Tukaifungua kwenye simu yangu. Mzee akaongeza sauti ya vifaa vyake vya masikioni vya kumsaidia kusikia, akavitoa, akavirudisha. Mngurumo ule hakuusikia. Akalia, akasema amechelewa. Roho iliniuma vibaya sana.

Jumamosi nikampakia garini na kiti chake cha magurudumu, nikampeleka mtaa wa Frogtown, kanisani kwetu, ambako kwaya ina spika ambazo majirani hawaachi kuzilalamikia.

"Maman, huyu muzee anakuya kuimba?" mpiga gitaa akaniuliza. "Tuko na répétition ya nyimbo."

"Mutaimba kisha. Unga simu yangu kwanza, na ufungue sauti yote."

Nikamsogeza mzee mpaka magoti yakagusa spika, nikaiweka mikono yake miwili juu ya spika hiyo.

Treni ikaanza kuondoka. Pumzi moja nzito, kisha nyingine, madirisha yakatetemeka, sakafu ikatetemeka, na sisi juu yake. Wanakwaya waliokuwa wakicheka wakasogea karibu. Mama mmoja akavua viatu, bila kuambiwa, aisikie kwa nyayo. Nimesali sana katika ukumbi ule, lakini sikuwahi kusimama humo nikiwa na hofu tamu namna ile.

Mzee akainama, akaweka shavu kwenye spika, akafumba macho. Nilikuwa nimemwogesha na kumlaza kwa muda mrefu, na sikuwahi kuuona mwili wake umelegea hivyo.

"Huyu hapa," akasema, kwa sauti kubwa ya wasiosikia.

Video ikaisha. Mpiga gitaa akanyoosha mkono achomoe waya. Nikaupiga ule mkono.

"Rudisha ku mwanzo," nikamwambia.