Uzi Nilioukata Ibra

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Nizwa, Oman, mwanzoni mwa miaka ya tisini, sikupewa barua ya kusoma. Mudir, yaani mkuu wa ofisi yetu ya kukusanya nyaraka za zamani, alininyang'anya kalamu ya wino mfukoni akanipa penseli. Kisha akaniweka mbele ya bunda la barua lililofungwa uzi, akataka nilichore kama nilivyolikuta: uzi umezungushwa mara ngapi, barua ipi iko juu, ipi imekunjwa ndani ya ipi. Nilichora asubuhi nzima. Nilidhani ananidharau kwa cheti changu cha sekondari.

"Mfanyabiashara hakuwa na faili," aliniambia kwa Kiarabu. "Mkunjo ndio faili lake. Ukishaufungua, hata yeye akifufuka hatakusaidia."

Niliajiriwa kwa kuwa nilizaliwa Unguja, na chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilifundishwa kusoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Watu wengi wa Sharqiyah, upande wa mashariki wa Oman, waliokuwa na maduka pwani ya Afrika waliandikiana hivyo, na waliporudi Oman walirudi na masanduku yao. Nilikaa mji wa Sur miaka mitatu, kisha nikapelekwa mji wa Ibra peke yangu. Mke wangu alibaki Maskati na watoto, ambao Kiswahili wanakisikia lakini hawakijibu. Nilipanga chumba juu ya duka la fundi cherehani. Ijumaa, baada ya sala, nilikuwa nazisoma barua za watu kwa sauti, angalau niisikie lugha ya kwetu.

Huko Ibra ndiko nilikokutana na Bi Rayya, bibi mmoja aliyezaliwa Unguja kama mimi. Babu yake alifanya biashara pwani wakati watu walipowaasi Wajerumani. Miongoni mwa waasi walikuwamo watu wa islahi, yaani wapenda mageuzi, wenye elimu, waliotaka mji ujiamulie mambo yake wenyewe. Walipoanza kusakwa waliwaandikia wafanyabiashara, babu huyo akiwamo, kuomba maficho. Mmoja wa waasi hao alikamatwa akanyongwa. Wajukuu zake wako Sur, na ndio waliokataa posa ya mjukuu wa Bi Rayya. Walisema binti yao haendi kwenye nyumba iliyomfungia mlango babu yao.

Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanitazama toka juu hadi chini.

"Wewe ndiye msomaji? Mbona mwembamba hivyo, serikali haikulishi?" Kisha akalisukuma mbele yangu sanduku la babu yake. "Nitafutie alijibu nini. Ikiwa alikataa, niambie, nitajua pa kuuficha uso wangu. Lakini niambie."

Babu huyo alikuwa na desturi yake. Kila barua ya hatari alipoijibu, aliandika nakala ya jibu bila jina wala tarehe, akaikunja ndani ya ile barua aliyoletewa, akafunga uzi. Watu wa islahi walimwandikia kwa Kiarabu, yeye akajibu kwa Kiswahili. Mlikuwa na mabunda mawili ya namna hiyo sandukuni nilipolifikisha ofisini.

Mudir wa Ibra alikuwa mgeni kazini na mtu wa haraka. Wageni walikuwa wanakuja kutoka Maskati, akaamuru barua zipangwe kwa lugha, Kiarabu meza hii, Kiswahili meza ile. Nilimwambia kwanza nichore.

"Utachora mpaka lini?" aliniuliza. "Wageni wanafika Jumamosi."

Sikubisha. Yeye alisema nipange kwa lugha, hakusema nisichore. Ningeweza kuchora jioni ile ile. Lakini nilikuwa na hamu ya kusifiwa na mtu yeyote, nikachukua mkasi nikazikata nyuzi, nikazitenganisha karatasi. Nilisifiwa kweli.

Zilipowadia siku za kusoma, nilikuta maombi mawili. Moja lilikuwa la yule aliyenyongwa, la pili la mwenzake aliyesalimika. Majibu nayo yalikuwa mawili, wino ule ule, karatasi za aina ile ile. La kwanza: "Mgeni aje Alhamisi, mlango wa uani hautafungwa." La pili: "Nina watoto. Usiniandikie tena." Lipi lilikuwa ndani ya ombi lipi, ulijua ule uzi tu.

Kila Bi Rayya alipouliza, nilimjibu kwamba bado tunazifanyia kazi. Alikuwa akingoja, akiniletea halwa kila Idi. Mjukuu wake akaoa kwingine. Nilimwambia ukweli wiki niliyostaafu, nikiwa nimeshika karatasi zote nne mkononi.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hivyo mmoja alimfungulia, na mmoja alimfungia."

"Ndiyo, Bibi."

"Na wewe umelijua hilo miaka yote hii, unakula halwa yangu."

"Ndiyo."

Aliniuliza mimi nadhani lipi ni la nani. Nikasema sijui.

"Mwongo angenichagulia," alisema. "Kwa hilo nakushukuru. Lakini usije tena."

Sikwenda tena. Alipofariki nilipata habari baada ya matanga kwisha.

Ninyi mnaoifanya kazi hii sasa mna mashine za kupiga picha, na kupiga picha ni kazi ya dakika moja. Ipigeni kabla ya kufungua chochote, hata mkuu akiwa amesimama mlangoni. Mimi vile vipande vya uzi ninavyo bado, ndani ya bahasha. Siku ambazo nyumba imenyamaza navitoa, nazikunja karatasi nne tupu, mbili ndani ya mbili, nazifunga. Mikono inakumbuka fundo. Kilichokuwa ndani haikikumbuki.