Kiganja Changu Kwenye Gari la Mwalimu Kazija

Hili nnalisema mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wengine, maana Unguja ni ndogo na kila anayelisimulia analitia chumvi, nami nshaona heri aibu yangu niitie chumvi kwa mkono wangu.

Mie nnauza mafuta mazuri Darajani, udi, halud, waridi, na kazi yangu kutwa ni kumpaka mteja mkononi anuse, nijipake na mie anuse tena, kwa hiyo mikono yangu haikauki mafuta, hata mlango wa duka nnausukuma kwa kiwiko. Basi nikapeleka posa kwa Mzee Khatibu, fundi wa rangi za magari kule Mwanakwerekwe, namtaka bintiye Rahma. Wazee wangu wakapokewa vizuri, wakanywa chai, wakaambiwa lile neno tunalolijua sote, tupeni muda tuulize. Na muda huo mposaji hana kazi ila kukaa kwao akatulia. Shangazi yangu Bi Zuwena, ndiye aliyeipeleka barua, alinikataza waziwazi: usipite kwao, usipite kazini kwa mzee, anayeulizwa habari zake hajileti mwenyewe.

Wiki ya kwanza nikatii. Ya pili nikaanza kujiuliza wamemuuliza nani na wameambiwa nini, maana Rahma nilikuwa nnamtaka kweli, si mchezo, hata chakula kilikuwa hakipiti. Wiki ya tatu, siku ya Ijumaa, nshaswali, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama peke yake, kofia ya viua kichwani, nshajipaka halud nzuri kuliko ile nnayowauzia watu (Mungu anisamehe), nikasema moyoni, nitapita mara moja tu anione nilivyo, kisha narudi zangu. Uamuzi wenyewe ndio huo.

Nikamkuta Mzee Khatibu kwenye gari dogo la Mwalimu Kazija, mwalimu mstaafu aliyenisomesha darasa la pili, na mwenyewe kakaa pembeni kwenye kiti cha plastiki anasubiri gari lake libadilike kutoka jeupe liwe kijani. Nikatoa shikamoo, moja ya Mwalimu, moja ya mzee. Mzee akanitazama tangu kofia mpaka makubadhi, akasema marahaba, akaendelea na kazi. Hakunifukuza, hakunikaribisha. Nikasimama tu hapo kama nimekuja kupima umeme.

Gari lilikuwa limeshaoshwa kwa sabuni na kusuguliwa kwa msasa wa maji, na sasa mzee analifuta kwa vitambaa viwili, mkono huu kitambaa kilicholowa tina, ile dawa ya kukata mafuta, mkono huu kikavu kinachofuata nyuma kabla tina haijakauka, polepole, kipande kwa kipande, utasema anamwosha mtoto mchanga. Akawa anamweleza Mwalimu kwamba rangi haina adui kama mafuta, kwamba mafuta yenyewe huyaoni kwa macho, na kwamba akishamaliza kufuta hata yeye mwenyewe haligusi kwa mkono mtupu. Mie naitikia naam, naam, na kichwa natikisa, lakini masikio yangu yalikuwa yanangoja neno posa tu, hayo mengine yalipita kama adhana ya mtaa wa pili.

Mzee akaingia kibandani kuchanganya rangi. Hapo shetani akanijia na ushauri. Nikaona nimesimama muda wote sijasema la maana, mzee ataniona mjinga wa magari, na mtu hampi bintiye mjinga. Nikasogea, nikanyoosha mkono wa kulia, nikaweka kiganja kizima katikati ya boneti, nikakituliza, kama nilivyowaona wajuzi wakifanya, nikasema kwa sauti ili nisikike kibandani, "Mashaallah, laini kabisa." Mwalimu alikuwa kainama anatafuta miwani mkobani, hakuona. Nikautoa mkono. Hapakuwa na alama yoyote, na hilo ndilo lililoniponza, maana ningeiona hata kidogo ningekimbilia kitambaa.

Mzee akarudi kajifunga kitambaa usoni, akaanza kupuliza. Kijani kizuri, cha jani la mgomba. Mlango ukakubali, paa likakubali, akaja kwenye boneti. Kwanza rangi ikakaa. Halafu pale katikati ikaanza kukimbia, inajitenga yenyewe, kama maji kwenye sahani iliyokuwa na samli, vishimo vidogo vidogo, hiki kikamwita hiki, na mbele ya macho yetu kikajitokeza kiganja. Lingekuwa doa ningejitetea. Kilikuwa kiganja, jamani, na vidole vyake vyote vitano.

Mzee akazima mashine. Mafundi wa gereji za jirani wakaanza kusogea mmoja mmoja, na mmoja wao (simjui na sitaki kumjua) akatoa simu akapiga picha.

"Nani kaligusa?" Mzee Khatibu akauliza, taratibu sana.

Nilikuwa na nafasi ya kusema ni mie. Naiona mpaka leo ile nafasi, ilikuwa pana kama uwanja. Badala yake nikausikia ulimi wangu unasema, "Labda paka, mzee."

Paka nimemtoa wapi sijui. Mafundi walicheka mpaka mmoja akashikilia nguzo. Mwalimu Kazija yeye hakucheka, alivaa miwani yake, akaja mpaka kwenye boneti, akainama, akaangalia kidole cha mwisho ambacho kimepinda kwa ndani, kisha akaniangalia mie.

"Kidole hiki nnakijua," akasema. "Kilibanwa na mlango wa darasa langu. Mwenyewe alisema ni upepo, kumbe alikuwa anatoroka."

Mzee Khatibu akaja akaushika mkono wangu, akaugeuza, akaunusa. Wallahi aliunusa, mbele ya watu. "Halud," akasema, na akauachia. Nikaanza kumwomba radhi, maneno yanagongana, akaninyamazisha kwa kidole.

"Mkono nnausamehe, mkono hauna akili. Huyo paka ndiye anayenitia mashaka."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaomba msasa. Akanipa, ila kwanza aliniosha mikono kwa sabuni mara tatu kisha akaifuta kwa tina, na kanzu nikaipandisha nikaifunga kiunoni, nikalisugua boneti lote mpaka alasiri, jasho linanitiririka, kijani kimenirukia mpaka kwenye kofia. Mwalimu kakaa kwenye kiti chake ananisimamia, na kila nikipunguza kasi ananiambia pale bado. Kabla sijafika nyumbani ile picha ilikuwa imeshazunguka kwenye simu za mji mzima. Shangazi akanipigia. Hakusalimu. Alisema, "Nimekuona," akakata.

Yakapita majuma mengine mawili. Nikajua imekwisha. Nilikuwa nafungua duka, nafunga, wateja wenyewe wananiuliza habari za paka, nami naona uchungu tu, kwa sababu si posa tu niliyoiharibu, nimempoteza Rahma, mtu ambaye nilishamweka kwenye kila siku yangu ya mbele. Kisha siku moja wazee wakaitwa. Shangazi alirudi akakaa, akavua viatu kwanza, akanywa maji, akanitesa hasa, ndipo akaniambia. Mzee Khatibu kasema hivi: kijana wenu hajui uongo, akijaribu anajichora mwenyewe, na mume wa namna hiyo binti yangu atamgundua kirahisi. Kakubali.

Nililia, sioni haya kusema.

Siku ya nikaha msikiti umejaa, kipaza sauti kiko mbele yetu, na Mzee Khatibu ndiye anayeozesha. Akanyoosha mkono ili anishike, akasita, akaniinamia kama ana siri, "Umenawa?" Siri ikatoka kwenye vipaza sauti vyote mpaka barabarani. Nami kwa woga nikajibu hapo hapo, "Nshanawa, baba, kwa sabuni," na shehe ikabidi angoje watu wamalize kucheka ndipo niweze kusema nimekubali.

Nikaweka nadhiri usiku ule ule, kwamba mkwe wangu akiuliza nani kafanya kitu, nitakiri kabla hajamaliza kuuliza. Juzi kauliza nani kamwaga tina gereji. Nikakiri, nikaomba radhi, nikaahidi kulipa. Nilikuwa nimeshinda dukani Darajani tangu asubuhi.