Waya Uliovunjika Ndani ya Ganda Lake

Mwanangu, sogea hapa nikupe ya Ijumaa moja ambayo hata nikija kusahau jina langu, yenyewe sitaisahau. Nilikuwa bado msichana, nimerudi kwetu Mgogoni kutoka Unguja nilikokwenda kusomea umeme wa magari. Usicheke. Siku zile msichana mwenye spana mkononi alitazamwa kama mtu aliyevaa kanzu nyuma mbele.

Nyumbani palikuwa na gari kuukuu aliloliacha marehemu baba, na mwendeshaji wake akawa ami yangu, Ami Faki. Msimu wa karafuu lilibeba magunia. Siku nyingine zote lilibeba wagonjwa na wajawazito kuwapeleka hospitali Wete, maana kijijini hapakuwa na jengine. Basi gari hilo likaanza tabia. Asubuhi linawaka bila neno, lakini likishapata moto, likifika mlimani au penye mashimo, injini inazima kimya kama mtu aliyezibwa mdomo. Likipoa, linawaka tena.

Fundi wa kwanza akasema sensa imekufa. Sensa ni kidude kidogo kinachoipa habari kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka. Kikinyamaza, hakuna cheche, hakuna mafuta. Ikaagizwa mpya, ikafungwa, ugonjwa ukabaki palepale. Fundi wa pili akasema kompyuta yenyewe ndiyo imeharibika. Ami Faki akachoka. Akapatana na mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Konde aje alichukue Ijumaa hiyo, baada ya swala.

Mimi roho iliniuma, na si kwa sababu ya kumbukumbu ya baba peke yake. Wifi yangu Zuhura, mke wa kaka yangu, alikuwa mja mzito na siku zake zimekaribia. Daktari alikwisha kumwambia asithubutu kuzalia nyumbani. Gari likiondoka, atapelekwa na nini?

Nikaamka na alfajiri, nikafungua boneti. Waya unaotoka kwenye sensa kwenda kwenye kompyuta niliutazama wote, mweusi, safi, hauna jeraha. Jua lilipopanda nikaweka chini mita yangu ya kupimia umeme, nikakaa juu ya tairi bovu.

Shangazi yangu, Bi Kazija, akatoka jikoni. Yeye ndiye aliyekuwa mkunga wa kijiji, na nusu ya Mgogoni ilipita mikononi mwake.

"Ushamaliza?" akaniuliza.

"Nimeshindwa, shangazi. Waya nimeutazama wote, ni mzima. Mwache ami aliuze."

"Umeutazama," akasema taratibu. "Miye nimezalisha umri wangu wote. Ushapata kunisikia nikimwambia mtu kuwa mtoto kafa kwa kulitazama tumbo? Mimi huweka mkono. Hupapasa. Husubiri. Weye umetumia macho tu, kisha ushatoa hukumu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Inuka."

Hakupaza sauti, mwanangu. Lakini kuna maneno ya upole yanayomnyanyua mtu kuliko fimbo.

Nikainuka. Ncha moja ya mita nikaiunga kwenye plagi ya sensa, nyengine upande wa kompyuta. Mshale ukapanda, maana yake waya unapitisha. Nikampa shangazi mita aishike. "Ukianguka mshale, niambie." Kisha nikaingia chini ya gari nikaanza kuupapasa waya shubiri kwa shubiri, naukunja, nauachia, kama anayehesabu uradi. Ulipopita karibu na bomba la moshi, vidole vikakuta mahali palipolegea, laini kama ndizi iliyopondeka ndani ya ganda lake.

"Umeanguka," shangazi akasema.

Nikaachia.

"Umepanda."

Nikakunja tena.

"Umeanguka."

Nikacheka peke yangu huko chini, vumbi linaniingia mdomoni. Nilipolichuna ganda nikaona shaba imekatika, imeota kutu ya kijani, ncha zinagusana kwa bahati tu. Joto la bomba lilikuwa likiukausha waya kila siku, na mtikisiko ukaumalizia. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na wale mafundi, Mungu awape kheri, walikuwa wakimbadilisha mwadhini ilhali kilichokatika ni waya wa kipaza sauti.

Ningeweza kuzisokota zile ncha, nikazifunga utepe, nikajisifu. Lakini kiungo cha namna hiyo hakifiki mbali. Nikakata yote iliyooza hadi nikaikuta shaba nyekundu. Umeme ulikuwa umekatika, basi shangazi akawasha seredani, tukaitia pasi ya kulehemu kwenye makaa, akapepea mwenyewe kwa kipepeo. Nikaunga waya wa unene uleule, nikayeyusha risasi ya kulehemu ikaingia vizuri, nikavisha mpira juu ya kila kiungo, nikauhamisha waya mbali na bomba na kuufunga usicheze.

Ndipo Ami Faki akaingia uani kutoka msikitini, na mnunuzi nyuma yake.

"Ami, nakuomba uwashe," nikamwambia.

Likawaka. Mnunuzi akatabasamu. "Kuwaka huwaka siku zote, binti. Ngoja lipate moto."

Kabla sijamjibu, Zuhura akatokea mlangoni, kashika miimo kwa mikono miwili. Uchungu ulikwisha kumshika. Shangazi akamtazama, akamwendea, kisha akamgeukia kaka yake. "Wete, Faki. Sasa hivi."

Ami akanitazama mimi. "Unaliamini?"

"Naliamini, ami. Nami nakaa mbele na wewe."

Tukaondoka. Barabara mashimo, Zuhura nyuma anaugua, shangazi anamsomea aya. Injini ikapata moto. Tukafika kwenye kile kilima ambacho halikupata kukipanda tangu liugue. Ami alikuwa akitembeza midomo kwa dua, nami nimekamata kiti mpaka vidole vikafa ganzi. Gari likanguruma, likapanda, likapita kileleni, likateremka, wala halikukohoa. Ami Faki akapiga honi, mwanangu. Akaipiga kijiji hadi kijiji, watu wakitoka majumbani kutazama ni harusi ya nani.

Zuhura alijifungua salama kabla ya Alasiri. Tuliporudi, mnunuzi bado yupo barazani. Ami akamwambia mbele ya jamaa, "Utuwie radhi, bwana. Gari haliuzwi. Lina fundi wake, huyu hapa." Tangu hapo magari yalinijia kutoka Konde na hata Gombani, na sikusikia tena mtu akiuliza mwanamke na spana wapi na wapi.

Basi nasaha yangu ni hii. Kitu kikikushinda, usikimbilie kukibadilisha wala kukitupa, kiwe chombo, kiwe ndoa, kiwe rafiki. Fuata njia yake kwa mkono wako, toka ncha hadi ncha, hasa pale panapoonekana pazima. Ukilipata jeraha, usilifunike; kata hadi penye uzima, ndipo uunge. Na ukichoka, kaa karibu na mtu atakayekwambia inuka.

Mola akupe mikono yenye subira na kazi yenye baraka, akuweke penye kheri wewe na kizazi chako. Amin.