Maua Meupe Kichwani mwa Mwanaidi

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kwa utaratibu wake wote, tangu asubuhi. Mimi na mke wangu Mwanaidi tulitoka Kurui kwenda Kibaha kupigwa picha. Alikuwa na mimba ya kwanza, na nyumbani hatukuwa na picha hata moja.

Huko Kibaha, mtaa wa Kwa Mathias, palikuwa na mpiga picha kijana, Elia, mtu wa bara. Wapiga picha wengine walimsimamisha mtu mbele ya pazia akakauka kama mlingoti. Elia alimkalisha karibu na dirisha, akampanga pamoja na maua polepole, mpaka uso na maua vikawa kitu kimoja. Siku hiyo alikuwa amechuma maua meupe, akamvika Mwanaidi kichwani. Kwetu sisi maua yale hupandwa makaburini tu.

Nikataka kusema. Mwanaidi akanibana mkono.

"Mwache bwana. Huyu wa bara atajuaje? Kwani sijapendeza?"

"Umependeza."

"Basi. Ila mama yako asiione."

Masika yalipoanza, uchungu ukamshika. Lori la kijiji halikuwa na dizeli. Tulimbeba kitandani kuelekea zahanati, akajifungua njiani mtoto wa kike, akavuja damu, akafa kabla hatujafika.

Matanga yakiendelea, mama akaiona ile picha. "Kavishwa maua ya kaburi angali hai!" Akaitia motoni, na hakuna aliyemzuia. Vijana wakachukua fimbo kumfuata Elia, nami nikiwa mbele yao.

Mjomba Kibwana, kaka yake mama, alitukuta njiani.

"Mnakwenda wapi?"

"Kwa aliyemuua mke wangu."

"Aliyemuua ni damu, na lori lililolala bila mafuta. Lori mmelipiga fimbo ngapi? Mnamfuata yule kwa kuwa ni mgeni na yuko peke yake. Rudini mkamlee mtoto."

Tulirudi, lakini habari zilikuwa zimetangulia. Baadaye nilipokwenda kumwomba Elia anisafishie picha nyingine kutoka kwenye filamu yake, nilikuta chumba kitupu. Alikuwa amekimbia na vitu vyake vyote, na mwenye nyumba hakujua ameelekea wapi.

Binti yangu yule aliyezaliwa njiani alipokua aliniuliza mama yake alikuwaje. Nikamweleza macho, mwanya, namna alivyocheka. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Simwoni, baba."

Kwa hiyo, mwanangu, msiba ukikufika, lia. Kisha uliza kilichotokea, hatua kwa hatua, hata kama jibu halina mtu wa kumpiga. Usimtwike uchungu wako mgeni asiye na wa kumtetea. Na kitu chenye sura ya mpendwa wako usikiharibu ukiwa na hasira, wala usikae kimya mwingine anapokiharibu. Hasira itakwisha, na uso ule hutauona tena.

Mungu akuepushe na siku kama ile ya matanga. Na ikikufika, akuletee mtu wa kukuzuia mapema kuliko nilivyozuiwa mimi. Amina.