Leo Nani Anaungua?

Nilifanya upumbavu, ndugu yangu, na sina wa kumsingizia: niliitoa televisheni nyumbani, nikampa shemeji. Watoto wangu walikuwa wamekodoa macho kama visamaki vya sambaza kwenye sinia. Nami, mutu wa kushinda kwenye kiti, mwenye masomo yaliyoishia sekondari, nikawahubiria: "Sisi tulilelewa bila televisheni, na tumekuwa batu!" Wakanitazama kuanzia kandambili hadi kitambi. Kisha wakauliza: "Basi papa, magaribi mulikuwa munafanya nini?"

Hapo ndipo nilipofungua mdomo.

Kwetu, chini kidogo ya Majengo, nyumba ilikuwa ya mbao, na courant, umeme wenyewe, tuliisikia tu ikinguruma kwa jirani. Jirani huyo, mama mwenye televisheni, alikuwa na jenereta ya kelele na mume mpole. Tulimtwangia sombe, majani ya muhogo, tukamchotea maji ziwani, ili atuache tukae mlangoni tuangalie. Kabla makalio hayajazoea sakafu, anavuta pazia: "Muende kwenu, munanuka moshi."

Tate, mama wa baba, ndiye aliyetulea. Vita vilimtoa Rutshuru na mbuzi mmoja na ukaidi mwingi. Siku moja alitukuta tumebandika macho kwenye ufa wa pazia lile. Alituchapa, kisha akatoa benchi nje akaielekeza mlimani. "Televisheni yenu ile pale." Tukawa tunachambua maharagwe kwenye ungo, harufu ya viazi vitamu ikitoka jikoni, naye akitueleza kwamba wafu wabaya huenda kuungua ndani ya Nyiragongo, mlima ule wa moto. Mawingu yakiwa mekundu, wanaungua vizuri. Ukitoka moshi tu, tulisema courant imekatika.

Unadhani tuliogopa? Tulitaka zaidi. "Tate, leo nani anaungua?" Yeye aliwataja waasi waliokula mbuzi wake, kwa kunong'ona, maana mbao hazizuii maneno. Sisi tulimtaja mmoja tu, kwa sauti ya kwaya: "Mama wa televisheni!" Tulimchoma kila magaribi. Tulionyesha jinsi anavyopandisha kikwembe chake hadi magotini akiruka moto, tate akacheka mpaka maharagwe yakamwagika. Sijacheka vile tena maishani.

Halafu mlima ukashuka wenyewe, moto wake ukitiririka hadi mitaani. Tulikimbia njia ya Sake hadi Mugunga, tate akitutangulia na ungo kichwani. Mama wa televisheni tulimkuta huko, mikono mitupu, akimuuliza kila apitaye kama amemwona mume wake. Mume alikuwa amerudi nyumbani kuokoa televisheni. Hakuonekana tena. Tuliporudi, hata nyumba hazikuonekana, ni mawe meusi tu, bado ya moto, watu wakichoma mahindi juu yake.

Tate alimpa mama wa televisheni nusu ya shitingi yetu, turubai la wakimbizi. Magaribi mdogo wangu, kwa mazoea tu, akauliza mbele ya yule mama: "Tate, leo nani anaungua?" Kofi alilopata nalisikia hadi leo. Tangu hapo benchi yetu ilitazama ziwa.

Tulijenga upya juu ya mawe, yule mama upande wake, sisi wetu. Sasa tate hayupo, benchi haipo, na ziwa limefichwa na magorofa. Yote hayo niliwasimulia wanangu, ila habari ya mume niliiruka. Nilitaka wapate utamu tu. Jana nikawasikia uani, wamepanga viti kuelekea mlima.

"Leo nani anaungua?"

"Mama jirani!"

Nilitoka mbio, kitambi mbele. Yule mama, sasa muzee kabisa, alikuwa ameshasimama kwenye uzio.

"Mama, batoto hawa..."

Hakuniacha nimalize.

"Acha. Hata ninyi nilikuwa ninawasikia, kila magaribi, na tate yenu anacheka. Na mahubiri yako kwa batoto niliyasikia. Kesho uende kwa shemeji yako, ulete ile televisheni. Ninyi hamukulelewa, mulikosa tu courant."