Nyumba na Mwenyewe Ndani

Kila mtu alimwita Mama Pacha, hata wateja waliomzidi umri. Alikuwa msusi, na mikono yake ilikuwa na sifa mtaa mzima: akikusuka, nywele zinakaa mpaka uzichoke mwenyewe. Mumewe alikuwa dereva wa lori la safari za mbali. Nyumbani alipita kama mgeni, akala, akalala, akaondoka. Kwa hiyo shughuli ya kutafuta nyumba ilimwangukia mke, tena kwa haraka, maana vyumba walivyopanga alikuwa ameshapewa binti wa mwenye nyumba aliyekuwa anaolewa.

Dalali alimpeleka kwa karani mmoja aliyehamishiwa kazi mji mwingine. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na ukumbi, na ukuta wa mbele ulitazama barabara wanayopita watu kutwa. Mama Pacha alipouona ukuta ule, moyo ulimruka. Pale angetoboa dirisha kubwa, aweke kioo na benchi la wateja. Lakini bei ilimkausha mate. Dalali akamvuta pembeni.

"Dada, hiyo ni bei ya kutishia watu. We iponde tu nyumba. Usioneshe kwamba umeipenda."

Basi akaiponda. Alipita chumba hadi chumba, karani nyuma yake, akigonga milango na kukodolea macho dari. Ukumbi, alisema, una giza kama handaki. Jiko lilijengwa na mtu asiyewahi kupika hata chai. Na hizi kuta, aliuliza, fundi alizinyoosha akiwa amefumba macho? Dalali alicheka, na maneno yakazidi kumjia, mpaka aliposukuma mlango wa chumba cha nyuma na kumkuta bibi mmoja amekaa kitandani na sindano mkononi, anashona ukingo wa shuka, anamtazama.

"Huyu ni mama yangu," karani alisema. "Nyumba hii waliijenga yeye na marehemu baba."

Mama Pacha alimwamkia. Bibi aliitikia marahaba kwa sauti ndogo, akarudia sindano yake.

Haya zilimshika, lakini hazikumzuia. Walipofika nje alitaja bei yake, pungufu kwa karibu theluthi. Karani aliangalia viatu vyake, akasema atafikiria.

Simu haikuja. Binti wa mwenye nyumba alianza kuja kupima madirisha kwa ajili ya mapazia huku Mama Pacha yuko jikoni anapika, na kumwomba asogee kidogo. Pacha waliuliza wanahamia wapi, naye akawa anawatuma dukani ili asijibu. Hatimaye karani alipiga. Amekubali bei yake, bila nyongeza. Ila kuna sharti, na litaandikwa kwenye mkataba: mama yake atabaki katika chumba chake maisha yake yote, na muda wote huo ukuta wowote usivunjwe. Matumizi ya mama atayatuma yeye.

Mama Pacha alimpigia mumewe, aliyekuwa njiani, injini ikinguruma.

"Kubali," mume alisema. "Kwani huyo bibi atakaa sana?"

Wazo hilohilo lilikuwa limeshampitia kichwani, na kulisikia katika kinywa cha mtu mwingine kulimchoma. Akakubali.

Bibi alikuwa na afya ya chuma. Aliamka kabla ya wote, akahamisha masufuria kuyarudisha mahali alipoyazoea, akawaagiza pacha wafute miguu mlangoni. Mama Pacha alisuka ukumbini, taa ikiwaka mchana kweupe. Wateja walilalamika joto, na wengine wakahamia kwa msusi wa ng'ambo ya barabara. Mume alitania kwamba wamenunua nyumba wakapewa na mama mkwe wa nyongeza, halafu akaondoka na lori lake. Matumizi ya karani yalikuja, yakapungua, yakakatika, na simu yake ikawa haipatikani. Akatokea mfanyabiashara aliyeitaka nyumba, lakini aliposikia habari ya bibi, alimalizia soda yake akaaga. Kuuza haiwezekani, kubomoa haiwezekani, na kule walikotoka kuna maharusi.

Siku moja bibi alifunga geti adhuhuri ili apumzike, na mteja akagonga mpaka akakata tamaa. Mama Pacha alishindwa kujizuia.

"Bibi, nyumba hii niliinunua."

"Najua," bibi alisema. "Nilikuwepo uliponinunua."

Asubuhi yake alimkuta bibi amekaa kwenye ngazi ya mlangoni, amevaa nguo ya kutokea, mkoba miguuni. Alikuwa anamsubiri mwanawe aje kumchukua. Mama Pacha alijaribu namba ile, akasikiliza, akaiweka simu chini, kisha akakaa kando yake.

"Bei ile ya kwanza niliipanga mimi," bibi alisema. "Nilimwambia ataje bei ambayo hakuna atakayeitoa. Ulipoiponda nyumba yangu, nilikuwa nafurahi kule ndani. Na nilipoisikia bei yako, nikasema mwanangu hawezi kukubali hiyo."

"Akakubali."

"Akakubali. Hata hakuja kuniuliza."

Mama Pacha alikuwa na hasira alizozikusanya tangu wahamie, na sasa hakujua azipeleke wapi. Ndani mteja alikuwa anasubiri, nusu ya kichwa imesukwa. Aliubeba mkoba akaurudisha chumbani. Bibi alimfuata taratibu, kwa kuwa hakuwa na kwingine.

Hawakulizungumzia tena. Msimu wa mvua uliofuata bibi alishikwa na homa ya mapafu, na Mama Pacha akampeleka hospitali akiwa amemwegemeza begani kwenye gari la jirani. Njia nzima aliomba apone, na kila alipomaliza kuomba alihisi kuna kitu kingine ndani yake kinaomba pia, akakipa kisogo. Mapokezini nesi alimwuliza yeye ni nani wa mgonjwa. Si binti, si mkwe, si mpangaji.

"Andika tu kwamba naishi naye," alisema.

Bibi alipona. Mama Pacha alimfuata hospitali na kanga kavu, akamfunga mabegani, wakarudi nyumbani.